Mbegu ya Mama Mwalimu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Novemba. Mvua ya asubuhi hiyo ilikuwa nyembamba kama uzi, mvua isiyonyesha vizuri wala isiyokata, na wingu lilikuwa limekaa juu ya paa la hospitali kama mgeni asiyejua kuaga. Dobi hahitaji redio kumtangazia hali ya hewa. Akigusa shuka la kwanza kwenye kamba ya barazani, vidole vinamwambia. Mama Daftari aligusa la kwanza, akagusa la pili, akakuta yana ubaridi ule ule wa jana. Akaanza kuyaanua ili ayapeleke ndani kwenye mashine ya kukaushia.

"Mungu wangu," alisema, kisha akanyamaza.

Miezi minane sasa sala zake zilikuwa zinaishia hapo. Zamani alikuwa mtu wa kusali akikunja, akipiga pasi, akihesabu foronya. Wenzake wa chumba cha kufulia walimtania kwamba mashuka ya zamu yake yanaponya wagonjwa kabla daktari hajafika. Siku hizi alikuwa akilitaja jina la Mungu, akajiona kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mdai wake, akaondoka mlangoni kabla hajafunguliwa.

Zamu yake ingekwisha saa sita. Saa nane ulikuwa mkutano wa mwaka wa mfuko wa masomo ya jioni, na yeye ndiye mweka hazina. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wake, limefungwa kwa kitambaa. Tangu asubuhi alikuwa ameukwepa mkoba huo kwa macho kama unavyomkwepa mtu uliyemsengenya.

Jina la Mama Daftari hakupewa na wazazi. Alipewa na watu wa masomo ya jioni. Miaka kumi na miwili nyuma, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja na watoto waliomzidi madarasa, aliingia saa kumi na mbili jioni katika shule ya msingi ya mtaani kwao, akajibana kwenye dawati la watoto mpaka magoti yakakaribia kidevu, akaanza kujifunza kuandika hesabu. Hakuwa na karo. Karo yake ya miaka mitatu ililipwa na mfuko.

Mfuko wenyewe haukuwa mkubwa wa kutisha. Mwalimu aliyeanzisha masomo yale alipofariki, mjane wake alipokea mafao, akatenga milioni nne, akaziita mbegu. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari aliandika kwa mkono wake maneno mawili: Mbegu hailiwi. Milioni nne zikae benki katika akaunti ya muda maalumu, zisiguswe na mtu. Kila mwaka zingezaa faida ya laki tatu na sitini, faida iangukie kwenye akaunti ya kawaida, na faida hiyo ndiyo imsomeshe mtu mzima mmoja asiye na uwezo. Akimaliza huyo, aingie mwingine.

"Mmoja mmoja," alisema mjane yule, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mwalimu. "Mmoja mmoja mpaka na mimi nifukiwe, na muendelee."

Mama Daftari ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mwenye kushika hesabu wa kwanza alikuwa Fundi, mshona viatu wa njia panda. Baada ya miaka sita macho yake yalianza kumgomea, wakampandisha kuwa mwenyekiti, na daftari wakampa dobi mwenye cheti. Walisema aliyelishwa na shamba hawezi kuliibia shamba.

Na kweli hakuliibia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mwizi angalau ana kitu cha kuonyesha nyumbani kwake.

Kosa lilitokea miaka miwili kabla ya mvua hiyo, mwezi wa Oktoba, na lilianza kwa sala. Mwaka ule nafasi ilikuwa moja na waombaji wanne: mwanamke muuza mayai, mwashi, msusi wa nywele na mlinzi wa ghala. Mama Daftari alizisoma barua zao mpaka akazijua kwa moyo. Kila alipotaka kumwacha mmoja, aliyaona magoti yake mwenyewe kwenye dawati lile. Akafunga siku tatu. Alimwomba Mungu aongeze, hakusema kiasi gani. Siku ya nne akaenda benki kuangalia kama faida imeingia. Mashine ikachapa kitabu cha benki, krrr, krrr, akakisoma pale pale dirishani. Salio lilikuwa milioni nne, laki tatu na sitini elfu.

Alijua mbegu haikai katika akaunti ile. Mbegu ina akaunti yake, huku ni kwa faida tu. Basi milioni nne hizi zilikuwa za nani? Karani alikuwa mbele yake, binti mpole mwenye miwani mikubwa.

"Kuna lingine, mama?"

Mama Daftari alifungua mdomo. Akaufunga. "Hakuna, mwanangu. Mungu akubariki."

Hapo, kwenye dirisha lile, ndipo alipokuwa akirudi sasa kila siku kwa mawazo. Wakati ule alijiambia kwamba kuuliza ni kumshuku Mungu. Lakini chini ya neno hilo zuri palikuwa na jingine dogo, limejikunja kama paka chini ya kitanda: aliogopa kwamba akiuliza, atajibiwa.

Mkutano wa Novemba ile alisimama mbele ya ubao akatoa ushuhuda. "Tuliomba sahani, ndugu zangu, tumepewa sinia! Mbegu imekaa, na faida imekuja imeshindiliwa!" Watu walipiga makofi mpaka chaki ikaanguka. Mama Mwalimu alilia kwa kitambaa cha marehemu mumewe. Wote wanne walichukuliwa. Kesho yake Muuza Mayai alimletea trei nzima, yai juu ya yai, akakataa kulipwa hata nauli. Karo ilikuwa laki tatu na arobaini kwa kichwa. Ikalipwa mwaka wa kwanza, ikalipwa na mwaka wa pili, na vitabu vikanunuliwa juu yake.

Oktoba iliyofuata faida haikuonekana. Akasema imechelewa. Mwezi wa Machi mwaka huu, akiwa amechoka kusema imechelewa, ndipo alipouliza. Karani alikuwa yule yule.

"Mama, akaunti yenu ya muda maalumu iliisha muda. Ilitakiwa mje mtie sahihi kuirudisha kwa miaka mitano mingine. Hamkuja, hela ikaangukia hii ya kawaida. Tuliwaandikia barua."

"Kwa hiyo zile milioni nne…"

"Ndiyo hizo hizo zenu, mama. Hakuna nyingine."

Hakukuwa na sinia. Ilikuwa ile ile sahani yao, wakaivunja na kugawana vipande wakishukuru. Mbegu ya milioni nne ilikuwa imeliwa milioni mbili na laki nne, zimebaki milioni moja na laki sita. Tangu siku hiyo alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za majirani kila Jumapili baada ya ibada. Mumewe alidhani anadunduliza za paa. Zilikuwa zimefika laki moja na tisini, ndani ya bahasha, nyuma ya daftari. Alikuwa amezihesabu mara nyingi mno kwa pesa kidogo kiasi kile.

Na hakuwa amemwambia mtu.

*

Kibanda cha Fundi kilikuwa njia panda, kimeezekwa mabati yaliyochakaa, na mvua ilipiga juu yake kama mtu anayepepeta choroko. Alikuwa rafiki wa mume wa Mama Daftari tangu ujana, kwa hiyo walitaniana kama shemeji.

"Shemeji! Karibu Ikulu," alisema, akisukuma rundo la viatu ili apate pa kukaa. "Lete hizo fomu za benki nizitie sahihi kabla sijagusa gundi. Mwaka jana moja iling'ang'ania kidole changu, nusura karani anipokee mimi na fomu yangu."

Ndivyo walivyofanya kazi tangu zamani. Sahihi zilitakiwa mbili. Fundi hakupenda foleni za benki, kwa hiyo alitia sahihi fomu tupu, kiasi kikaja kujazwa baadaye. Hakuwahi kuuliza zinajazwa nini. Uaminifu ule Mama Daftari aliuonea fahari miaka yote. Siku hizi ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Leo usisaini kitu kitupu, Fundi."

"Lo! Kwani nimepinduliwa?" Alimtazama juu ya miwani. "Mbona umekauka hivyo, kama soli iliyosahauliwa juani? Au hujasikia habari njema?"

"Habari gani?"

"Mama Mwalimu ameuza kiwanja."

Mama Daftari alishika ukingo wa benchi. "Kiwanja kipi?"

"Ana vingapi, shemeji? Kile kile. Kile alichosema atajenga vyumba viwili aachane na mambo ya kupanga. Milioni mbili na nusu, taslimu. Analeta leo kuongeza mbegu. Nikamwambia, mama, na matofali yako je? Akaniambia, kama mbegu yangu ilizaa vile mbele ya macho yangu, mimi matofali ya nini?" Fundi alicheka, akagonga msumari. "Wewe na ushuhuda wako. Umemhamisha mtu kwenye nyumba ambayo hajaijenga."

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani mwa Mama Daftari, hata hakuiita. Shimo, milioni mbili na laki nne. Pesa, milioni mbili na laki tano. Shimo lingejaa na kusaza. Angezirudisha milioni nne benki kwa miaka mitano mingine, aandike mstari mmoja, na hakuna kiumbe ambaye angejua. Moyo wake ukaruka. Ukasema: Mungu amejibu.

Na alipousikia ukisema hivyo aliitambua sauti. Ilikuwa ile ile ya dirishani.

"Fundi," alisema polepole. "Barua za mfuko kutoka benki huwa zinafikia wapi?"

"Si hapa? Anwani ya mfuko ni ya kibanda hiki tangu enzi zangu. Ila hazijaja siku nyingi." Alipuliza vumbi kwenye kisigino. "Kwa nini?"

Angeweza kusema pale pale. Wawili tu, mvua na viatu. Mdomo ulifunguka, ukajifunga.

"Hakuna," alisema. Na neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa lile lile alilomwambia karani.

*

Chumba cha masomo ya jioni mchana kilikuwa cha darasa la kwanza. Ukutani palikuwa na herufi zenye picha, na ubaoni mwalimu wa watoto alikuwa ameacha hesabu ya kutoa: tisa toa sita. Watu kumi na mmoja, wazee wa kamati wakiwamo, walijipanga kwenye madawati madogo, watu wazima wenye vitambi na miavuli iliyolowa, wote wamekaa upande upande kama viatu visivyo vya saizi yao.

Mama Mwalimu alifika mapema. Alikuwa na miaka sabini na minne, mfupi, amevaa koti la marehemu mumewe lililomfika magotini. Alimkamata Mama Daftari mikono yote miwili.

"Mikono yako ina joto la pasi, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona macho yamekuingia ndani? Hospitali wanakuua na mashuka yao." Akamvuta karibu, akanong'ona kama mtoto mwenye peremende. "Nina kitu kwenye mkoba. Usimwambie Fundi kwamba nimekuambia, yule anapenda kutangaza."

Mama Daftari hakuweza hata kutabasamu. Nyuma yao Muuza Mayai alikuwa akifungua daftari la mazoezi, akimwonyesha mwashi hesabu ya mizania aliyoipata sawa pande zote mbili. "Nimeipata bila kufuta hata mara moja," alikuwa akisema. "Januari tukianza mwaka wa tatu, wewe utaniita bosi."

"Bosi wa vifaranga," mwashi alijibu.

Fundi aligonga dawati kwa kisigino cha kiatu alichokuja nacho kutoka kazini. "Haya, jamani, tuanze, mvua isije ikatuzuia hapa mpaka darasa la kwanza warudi Jumatatu. Mama Daftari, tuombee kama kawaida."

Watu waliinamisha vichwa. Wakangoja. Mvua ikasikika.

"Naomba mwingine asali," alisema Mama Daftari.

Vichwa vikainuka kimoja kimoja. Kwa miaka sita hakuna aliyekuwa amelisikia neno hilo kutoka kwake. Muuza Mayai, aliyekuwa karibu zaidi, akasali kwa haraka na kwa haya, akamshukuru Mungu kwa mfuko na kwa mwenye kuutunza. Kila neno lilitua pale pale palipouma.

Kabla ajenda haijasomwa, Mama Mwalimu akasimama. Alitoa bahasha nene ya kahawia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi sitaki maneno mengi. Nimeuza kiwanja. Nyumba nitaendelea kupanga, nimeshazoea kugombezwa na mwenye nyumba. Hii iongezwe kwenye mbegu. Kama wanne wamesoma, na wawe wanane." Watu wakaanza kupiga makofi. "Niliona kwa macho yangu mbegu ya mume wangu ikizaa. Mweka hazina, pokea."

Mama Daftari alisimama. Goti lake liligonga dawati na kalamu ikaanguka. Alitembea hatua nne mpaka mbele ya bibi yule, akaitazama bahasha, na mikono yake akaificha nyuma kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Mama, usinipe."

"Sijakusikia."

"Usinipe hiyo hela, mama. Mbegu haikuzaa. Tuliila."

Makofi yalikatika. Fundi alicheka kidogo, cheko la mtu anayengoja mzaha umalizike. Haukumalizika. Mama Daftari alifungua daftari kwenye dawati la mbele akaeleza, taratibu, kama alivyofundishwa kueleza hesabu: akaunti ya muda maalumu iliisha muda miaka miwili iliyopita, hakuna aliyeenda kutia sahihi, milioni nne zikaangukia kwenye akaunti ya kawaida, yeye akazikuta huko akadhani ni ongezeko la Mungu. Zikasomesha watu wanne miaka miwili. Zimebaki milioni moja na laki sita. Alijua tangu Machi.

"Tangu Machi?" mlinzi wa ghala aliuliza. "Na hii ni Novemba."

"Miezi minane," alisema Mama Daftari.

"Kwa hiyo Januari sisi…" mwashi alianza, akaacha.

Muuza Mayai alikuwa amefunga daftari lake la mazoezi. "Nilikuletea trei," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuletea trei ya shukrani, mama. Kumbe nilikuwa nashukuru kwa kula mbegu ya watu."

"Wewe hukula kitu, binti yangu. Ulilipiwa karo, ukaja darasani."

"Lakini nimekula."

Mama Mwalimu alikuwa bado amesimama na bahasha yake. Uso wake haukubadilika, ila koti lilionekana kubwa zaidi.

"Uliiba?" aliuliza.

"Sikuiba, mama. Hata senti."

"Siku uliyoikuta ile hela, karani alikuwepo?"

"Alikuwepo. Mbele yangu."

"Ukamuuliza hela ya nani?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

Kwa miezi minane alikuwa ameandaa jibu la swali hilo, refu, lenye kufunga na kusali ndani yake. Lilipofika mdomoni likayeyuka lote. Akabaki yule paka wa chini ya kitanda.

"Niliogopa atanijibu."

Ndipo Fundi alipoweka kiatu chini. Uzee wote aliokuwa akiufukuza kwa mizaha ulimkalia ghafla.

"Barua ya benki ilikuja," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Ilikuja kibandani. Bahasha nyeupe, ngumu, karatasi nzuri ya kadi. Sikuwa na miwani siku hiyo. Nikasema ni yale matangazo yao ya mikopo." Alijifuta mdomo. "Nilichorea soli, jamani. Niliikata kielelezo cha soli, saizi arobaini na mbili. Ipo mpaka leo, inaning'inia kwenye msumari. Viatu vingapi vimepita kwenye barua ile, Mungu ndiye ajuaye."

Siku nyingine watu wangecheka mpaka machozi. Msusi alianza, akajiziba mdomo. Hakuna aliyemfuata.

"Na sahihi zangu nilitia kwenye fomu tupu," Fundi aliendelea. "Shemeji, kama ni kamba ya kujinyongea, tumeisokota wawili."

"Wewe hukujua, Fundi. Mimi nilijua tangu Machi. Leo mchana nimekaa kwenye benchi lako nikajua, na nikakuambia hakuna." Mama Daftari alimgeukia Mama Mwalimu. "Na Fundi aliponiambia unaleta milioni mbili na nusu, mama, nilipiga hesabu. Niliona zinatosha kuziba. Niliona, na moyo ukafurahi. Nataka na hilo ulijue."

Mama Mwalimu alikaa polepole kwenye dawati la mtoto. Alifungua mkoba, akairudisha bahasha ndani, akafunga zipu. Ule mlio wa zipu Mama Daftari angeukumbuka kuliko maneno yoyote.

"Niliuza kiwanja kwa sababu ya mdomo wako," bibi alisema. "Si kwa sababu ya benki. Kwa mdomo wako uliosimama hapo ukasema sinia."

"Ndiyo, mama."

"Kiwanja hakirudi. Aliyenunua ameshamwaga mchanga."

"Ndiyo, mama."

Fundi alijaribu kusema kitu kuhusu msamaha, kwamba binadamu si malaika. Mama Mwalimu alimwinulia kiganja. "Msamaha nitauzungumza na Mungu nyumbani, kwa wakati wangu. Hapa tunazungumza shamba." Aliwatazama wale wanne, mmoja baada ya mwingine. "Hawa wamebakiza mwaka mmoja. Ni kiasi gani kwa wote?"

"Milioni moja, laki tatu na sitini," alisema Mama Daftari. Alikuwa ameihesabu mara nyingi. Kuilipa kutoka kwenye kilichobaki ilikuwa sawa na kuufukia mfuko.

"Nitailipa mimi. Nitakwenda mwenyewe dirishani kwa mhasibu wa shule, nipewe risiti kwa jina langu. Haipiti kwenye daftari hili. Zinazobaki kwenye kiwanja changu nakaa nazo, nina magoti yanayotaka dawa." Akamtazama Fundi. "Milioni moja na laki sita zirudi benki kwenye muda wake, Jumatatu, na sisi watatu, mimi, Fundi na wewe, tukiwa dirishani. Faida yake haitamtosha mtu hata mmoja. Basi asiingie mtu mpya mpaka mbegu iwe milioni nne tena. Hata ikiwa ni miaka."

"Itakuwa ni miaka," alisema Mama Daftari. Alitoa ile bahasha yake ndogo nyuma ya daftari, akaiweka mezani. "Hii ni laki moja na tisini. Ni za pasi za Jumapili."

Mama Mwalimu hakuigusa. Lakini hakuisukuma.

"Na daftari?" mwashi aliuliza. "Atalishika nani?"

Macho yalihama, yakazunguka, yakatua kwa Muuza Mayai, aliyepata mizania pande zote mbili bila kufuta. Alitikisa kichwa kwa hofu. "Mimi? Mimi nimekula mbegu."

"Ndiyo maana," alisema Mama Mwalimu. "Zamani tulisema aliyelishwa na shamba hawezi kuliibia. Ni kweli, ila haitoshi. Wewe utauliza. Kila kitu utauliza, mpaka makarani wakuchukie."

Muuza Mayai alilivuta daftari, akalifunika kwa viganja viwili, bila kulifungua.

Mvua ilikuwa imekata bila mtu kuona. Watu walianza kutafuta miavuli, kwa aibu ile ya watu wanaotoka msibani wasijue waage vipi. Mama Daftari alibaki amesimama, mikono imelegea. Alidhani amemaliza. Alidhani sehemu ngumu imepita.

"Kaeni," alisema Mama Mwalimu. "Hatujafunga." Akaelekeza kidole ubaoni. "Ushuhuda wako uliutoa pale. Ulisimama, ukatoa sauti mpaka barabarani walisikia. Hili la leo umenong'ona. Nenda pale pale, mwanangu. Sema utafanya nini, na useme kwa sauti ile ile."

Bado aliitwa mwanangu. Mama Daftari alikwenda mbele, akasimama kando ya tisa toa sita. Watu kumi walikuwa wakimtazama: Fundi na kiatu chake, wanafunzi wanne, wazee wa kamati, na bibi mdogo ndani ya koti kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu Machi alilitaja jina la Mungu moyoni na hakukimbia mlangoni. Hakuomba kitu. Kisha akainua sauti, kavu mwanzoni, halafu ikapanuka ikajaa chumba.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi kumi, naahidi. Nitarudisha milioni mbili na laki nne. Elfu arobaini kila mwisho wa mwezi kutoka kwenye mshahara wangu na pasi yangu, na laki moja na tisini hizi ndizo za kwanza. Leo nikifika nyumbani nitamwambia mume wangu kabla sijavua viatu. Nikifa kabla sijamaliza, wanangu watajua kwamba ni deni, nitawaandikia kwa mkono wangu. Kila Novemba nitasimama hapa niseme nimebakiza kiasi gani, hata mkiwa mmechoka kusikia. Na nikikuta tena hela nisiyoijua, nitamuuliza karani kwanza. Akishanijibu, ndipo nitakapomshukuru Mungu."